Igonge Kwanza kwa Kijiko

Marahaba, mpwa wangu. Vuta kiti, ila usivute kile cha plastiki chenye mguu uliopasuka. Njoo upande huu wa mwembe, kule mbele malori ya Barabara ya Morogoro hayatuachi tusikilizane. Chai inakuja. Muhogo ni wa Kisarawe, kaka yangu kauleta jana kwenye kiroba na akakataa kulala. Kasema ngedere hawaangalii kama mwenye shamba kasafiri.

Simu iweke mezani kwanza. Picha zote ulizonitumia nimeziona. Niliziona mchana, nikaziona tena usiku nilipokosa usingizi, na siku hizi usingizi naukosa sana. Chombo kizuri. Cheupe, sitaha pana, meza ya watu wanane, na yule dada wa matangazo kashika glasi kama vile bahari haina chumvi. Sikukuita ili nikukataze. Kukataza watu nimeshaacha, maana niliowakataza wote walifanya. Nitakwambia ninachokijua, ukimaliza chai utaamua, mimi nitakwenda kulala.

Nirudie mpango wako nione kama nimeuelewa. Mwakani mkataba wa meli unaisha, unashuka ngazi kwa mara ya mwisho na sitini yako. Unakwenda Mahé, Shelisheli, unanunua hiyo katamarani ya mita 12, yenye mitumbwi miwili, iliyokuwa ikikodishwa kwa watalii. Unaileta nyumbani. Wewe na mkeo mnahamia humo: kusi mkae Tanga, kaskazi mshuke Mafia, mtie nanga Chole. Sawa? Hapo kwenye pepo umefikiri kama babu zako: kaskazi ikupeleke kusini, kusi ikurudishe kaskazini, usipande joshi bila sababu. Hilo nakusifu.

Kaka yangu jana aliposikia neno Chole aliweka kikombe chini. "Chole? Chole yetu haina hata bwawa!" Ikabidi nimweleze ni Chole ipi. Mkoa huu wetu una majina pacha, unaweza kumpoteza mtu mchana. Masaki ya Kisarawe watu wanalima, Masaki ya Dar wanakaa mabalozi. Kongowe iko hapa Kibaha, na nyingine iko Mbagala. Chole ya Kisarawe ina mikorosho, ya Mafia ni kisiwa. Mzee wa watu akacheka mpaka akakohoa. Mtu huyo hajawahi kupanda hata kivuko cha Kigamboni bila kushika shati la jirani. Lakini aliuliza swali moja ambalo katika jumbe zako zote hukulijibu: "Mkewe kasemaje?"

Tuliache kwanza. Tutalirudia.

Unajua kwa nini nyumba hii ina chumba kisicho na paa? Watoto huwaambia wageni eti ni cha kuanikia. Mimi nimestaafu ufundi wa mashine za vivuko mwaka 2007, kabla ya haya mambo ya kikokotoo. Wakati wetu watumishi wa serikali nusu ya mafao tulipewa kwa mkupuo. Ninyi mmeanza na asilimia 33 mwaka 2022, Juni 2024 wakaipandisha kufika 40 kwa watumishi wa kundi letu, na wengi bado wananung'unika. Mimi nilipewa nusu na nikaizamisha. Nikanunua jahazi kwa ubia, la kubeba nazi na abiria wachache kutoka Mafia. Nilijiambia, mimi fundi, nani atanidanganya kwenye mashine? Na kweli, kwenye mashine hakuna aliyenidanganya. Mashine niliijua. Nilichokuwa sikijui ni mbao, kalafati, tanga, mabaharia, na mwezi wa saba ambapo kusi inavuma na chombo kimekaa pwani wiki tatu kikila posho. Kila mwezi kulikuwa na kitu. Mwaka wa tatu tulimuuzia mtu wa Kisiju kwa bei ya kuni, na hela iliyobaki ikatosha bati za vyumba viwili. Cha tatu ndicho hicho unachokiona, na mpapai umeota ndani.

Kwa hiyo nikisema habari ya gharama usinione bahili. Katika ujumbe wako wa mwisho umeandika bei tu, dola 180,000, na mbele yake umeweka alama ya kufurahi. Wenye vyombo duniani kote wana hesabu yao ya kukadiria: kila mwaka tenga sehemu ya kumi ya bei ya chombo kwa matunzo. Hiyo ni dola 18,000. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 40, kila mwaka, uwe umesafiri au umelala. Rangi ya chini ya kuzuia chaza, mafuta, impela, betri, tanga lililochanika, pampu ya choo. Pampu ya choo nakwambia mapema, kwa sababu hakuna anayeipiga picha. Ikiwa akiba yako inabeba bei ya kununua na haibebi milioni hizo kwa miaka kumi na tano, basi tafuta chombo cha nusu ya bei hiyo, na usisikitike.

Tena udogo si aibu. Mita 12 inatosha kabisa kwa watu wawili, hata 11. Katamarani kila ukiongeza mita moja ya urefu unaongeza upana, uzito, tanga, nanga, yote. Ya mita 12 huwa na upana unaokaribia mita 7. Fikiria unatafuta pa kuipandisha nchi kavu. Winchi ya kuinua kitu chenye upana wa barabara haipo kila bandari ya mwambao huu. Ndiyo maana nakusihi: achana na zile zenye mbao za kushuka na kupanda katikati ya mtumbwi, hata wakikwambia zinakata upepo vizuri. Chukua yenye mikuku mifupi ya kudumu chini ya kila mtumbwi. Maji yetu wakati wa bamvua yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Utaileta kwenye mchanga mgumu maji yakijaa, utaiacha ipwelewe, itasimama yenyewe kwa miguu miwili kama ng'ombe aliyechoka. Una saa kadhaa za kukwangua, kupaka rangi, kubadilisha vyuma vya zinki. Maji yakirudi, unaondoka. Babu zetu walivijahabu vyombo hivyohivyo, bila winchi na bila kulipa mtu.

Hebu inuka kidogo. Mjomba wako nataka nikuonyeshe kitu. Chukua kijiko hicho cha chai. Gonga ukuta hapa, karibu na dirisha. Ti, ti, ti. Umesikia? Lipu imeshika tofali. Shuka polepole, usigonge kwa hasira. Hapo. Bo. Umesikia sauti ilivyobadilika? Gonga tena pembeni. Bo, bo. Kwa macho hapana tofauti, rangi ni ileile, nimepaka mwenyewe mwaka jana. Lakini ndani lipu imeachia, maji ya mvua yamepita juu ya fremu yakateremka kimyakimya. Nikiibonyeza kwa kidole kesho itakuja chini yote.

Boti za faiba ni hivyohivyo. Nyingi za katamarani zimetengenezwa kwa tabaka mbili za faiba, na katikati wameweka sponji ngumu au mti mwepesi wa balsa ili chombo kisiwe kizito. Kila mahali palipotobolewa tundu la kupitisha skrubu, la kushikilia ngazi, dirisha, mguu wa reli, ni mlango wa maji. Yakiingia, balsa inaoza na tabaka zinaachana, na juu panaendelea kung'aa. Basi ukifika Mahé usianze kuangalia friji na makochi. Toa kijiko mfukoni. Anza kwenye sitaha, kuzunguka kila chuma. Kisha kuzunguka mguu wa mlingoti. Kisha, chombo kikishapandishwa nchi kavu, chini ya maji kote. Nusu siku itakwisha na dalali atakuona mshamba. Muache akuone. Baada ya hapo lipa mkaguzi wako mwenyewe. Usimkubali atakayeletwa na muuzaji, hata kama ni mswahili mwenzio na anakuita kaka.

Kaa, chai inapoa.

Kuhusu hizo zilizokuwa za kukodisha. Kampuni za watalii huzitumia kama miaka mitano hivi, kisha huziuza. Bei yake inavutia kwa sababu hiyo. Zina mashine zilizozunguka saa nyingi na zimeendeshwa na watu walio likizo. Wewe umekaa chumba cha mashine maisha yako yote, utajua injini iliyoteswa kwa kunusa mafuta yake tu, hapo sina neno. Ila uliza waya zinazoshikilia mlingoti zina miaka mingapi. Wenye bima wengi hutaka zibadilishwe kila baada ya miaka kumi au karibu na hapo, na muuzaji mjanja huuza mwaka wa tisa.

Na injini ziko mbili. Wewe umefurahia hilo, na nakuelewa: moja ikisukuma mbele, moja ikivuta nyuma, chombo kinajigeuza palepale kama kifaranga. Lakini kila kichujio ni mara mbili, kila mkanda mara mbili, kila impela mara mbili. Chagua mashine ambayo kijana wa Gerezani akiisikia jina hakuombi picha. Na angalia mfuniko wake uko wapi. Vingine wamefungia injini chini ya kitanda: ukitaka kupima oili unaondoa godoro, ukimaliza unalala na harufu ya dizeli. Utafute yenye mfuniko nje, nyuma, hata kama mvua itakunyeshea.

Uzito sasa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Katamarani inaonekana kama nyumba, kwa hiyo mtu anaijaza kama nyumba. Jenereta, baiskeli, friji ya pili, mashine ya kufulia, vitabu vya mkewe, cherehani. Mitumbwi yake ni myembamba. Ndiyo siri ya mwendo wake. Ukiipakia sana inazama, inaacha kuteleza, inaanza kusukuma maji. Hesabu mwenyewe: lita 600 za maji na 400 za dizeli, hizo ni karibu kilo 940 kabla hujaweka kilo moja ya mchele. Mnyororo wa nanga wa milimita 10, mita 60, ni karibu mifuko mitatu ya saruji, na uko mbele kabisa, puani.

Pima pia nafasi iliyopo kati ya maji na sakafu inayounganisha ile mitumbwi. Kwa chombo cha mita 12 kilichokwisha kupakiwa, ikiwa chini ya sentimita 60, tafuta kingine. Wimbi likiingia pale chini na halina pa kupita linapiga sakafu kama mtu anayebomoa mlango. Pa! Vikombe vinaruka. Usiku mzima. Watu wamefika bandarini wakakiuza chombo wiki ileile kwa sababu ya kelele hiyo tu.

Kuna jambo jingine nililiwaza usiku, nikainuka kukuandikia, miwani nikaikosa. Mashua ya mtumbwi mmoja upepo ukizidi inalala ubavu. Chai inamwagika, mke anapiga kelele, unajua ni wakati wa kupunguza tanga. Katamarani hailali. Inakwenda imesimama wima, kikombe kimetulia mezani, wewe umejipweteka, na huku upepo umeshapita kipimo. Na ikija kupinduka hairudi. Haina uzito chini wa kuirudisha. Itaelea miguu juu, na mtakaa juu ya tumbo lake mkisubiri. Vyombo vizito vya kuishi havipinduki ovyo, nakubali, lakini tanga utalipunguza kwa kuangalia kipimo cha upepo, kamwe usingoje mwili ukwambie. Mzee wa ngalawa anajua kitu hicho kwa matako, amekaa juu ya mti wa ndubi, anasikia. Wewe umetumia miaka thelathini chini ya sitaha kusikiliza injini. Tanga hulijui, mpwa wangu. Nilijua mashine nikanunua jahazi. Sasa wewe unajua mashine unataka kununua tanga.

Usinijibu bado.

Neno lenyewe katamarani limetoka kwa Watamil, kattumaram, maana yake miti iliyofungwa pamoja. Kufunga kwa kamba. Sisi tulikuwa na mtepe ulioshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, na ngalawa mpaka leo ndubi zake zimefungwa. Alikuwepo Mwingereza mmoja, James Wharram, mwaka 1954 alijiundia katamarani yake ya mita saba na ushee, Tangaroa, akavuka nayo Atlantiki mpaka Trinidad, watu wazima wa fani wakimcheka kwamba mawimbi yataitenganisha mitumbwi yake. Akaunda nyingine kulekule Trinidad, akarudi nayo mwaka 1959. Maisha yake yote, mpaka alipofariki Desemba 2021 akiwa na miaka 93, alikuwa akichora vyombo, vingi maboriti yake hufungwa kwa kamba, vya mbao nyembamba zilizopakwa faiba, ambavyo mtu anaweza kujenga nyuma ya nyumba. Nakutajia huyu kwa sababu ukiniuliza mimi ningenunua nini, ningetafuta cha namna hiyo, kilichotumika, cha bei ndogo. Hakina sebule ya kioo. Humo ndani utainama, joto utalisikia. Lakini kikivunjika boriti Bagamoyo kuna fundi wa majahazi atakayeitazama nusu saa na kuelewa. Hiyo ya kwako ya Mahé ikipasuka, fundi atakayeielewa yuko Cape Town au Ufaransa, na atataka tikiti ya ndege.

Najua utaniambia habari ya mkeo na joto. Haya, tumefika kwa mkeo.

Mkeo ana sukari. Hospitali ya Tumbi hapo wanamjua kwa jina, foleni ya kliniki anaingia kama nyumbani. Dawa yake inakaa kwenye friji. Friji itakula umeme wa betri, betri itategemea sola, na wakati wa masika mawingu yanakaa siku nne, tano, bila jua la kutosha. Basi utawasha injini kuchaji. Injini itataka dizeli, na dizeli ya Kilindoni, kule Mafia, utaibeba kwa madumu kwenye kimashua chako, kwa mgongo wako huo. Nimeifuata hesabu hiyo usiku mpaka mwisho, na mwisho wake ni chupa ndogo ya dawa kwenye mlango wa friji. Kwa hiyo friji, betri na sola vinunue vikubwa kuliko anavyokwambia muuzaji, kabla ya kununua tanga jipya, kabla ya rada.

Halafu ngazi. Kila mtumbwi una ngazi zake za kushuka. Chumba cha kulala kiko chini kulia, choo labda kiko chini kushoto. Usiku wa manane anapanda, anavuka sebule, anashuka. Mimi nina magoti ya miaka sabini na nane. Kushuka kwenye baraza hii naomba mkono wa mjukuu. Wewe unachagua chombo ukiwa na magoti ya miaka hamsini na tisa. Hesabu ngazi zake, pima kimo cha kila moja, tazama kama pana pa kushika. Na kile chumba chenye kitanda ambacho kinapandiwa upande mmoja tu, mwenye kulala ukutani akitaka kutoka lazima amruke mwenzake, nacho kitazame vizuri.

Yeye mwenyewe kasemaje? Umeniambia "hana tatizo". Mpwa wangu, mkaza mjomba wako aliniambia hivyohivyo habari ya jahazi. Hana tatizo. Miaka mitatu alikuwa akisema hana tatizo, na siku tulipoliuza alilala saa kumi na mbili mfululizo.

Najua na hoja yako, umeiandika kwa herufi kubwa: nyumba haina uhakika, chombo unakihamisha. Siwezi kukubishia hiyo. Mwaka 2017 nilikuwa kwenye basi nikapita Kimara mpaka Kiluvya nikaona nyumba zilivyolala chini kupisha barabara, milango imesimamishwa ukutani kuuzwa. Nchi kavu nayo ina mambo yake. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na sisi tulikuwa tumezoea kusema vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Chombo kinahama, ndiyo. Kinahamishwa na mtu aliye macho, mwenye taarifa ya hali ya hewa, na aliyekwisha kujua ataingia mkono gani wa mikoko. Mahali hapo pa kukimbilia ujue kabla. Pia Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995. Hutupi nanga popote utakapo juu ya matumbawe, na utalipa ada. Makaratasi mengine unayajua: hati ya kufutwa kwenye daftari la usajili wa kule, ushuru wa huku, TASAC kwa bara, na Zanzibar wana mamlaka yao. Ukileta chombo bila hiyo hati ya kufutwa utazunguka ofisi mpaka kiote majani.

Njia yenyewe ya kutoka Mahé ni karibu maili 1,000 za bahari. Oktoba 2009 mtu na mkewe, Waingereza, Paul na Rachel Chandler, wastaafu wa rika lako waliokuwa wakiishi kwenye mashua yao Lynn Rival, waliondoka hapohapo Shelisheli wakija Tanzania. Maharamia wa Kisomali waliwakamata usiku, wakakaa nao siku 388, mpaka Novemba 2010. Siku hizi uharamia umepungua, ingawa mwishoni mwa 2023 ulichomoza kichwa tena. Sikutishi, ungekuwa wa kutishika usingekwenda melini ukiwa na miaka ishirini na tisa. Kinachonishangaza ni kwamba wale watu mashua yao iliporudishwa waliitengeneza, na mwaka 2012 wakatweka tena. Wote wawili. Ningependa kumwona huyo mama nimuulize, maana waume wa aina hiyo nimewaona wengi, mke wa aina hiyo bado.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na hili silisemi kama fundi. Usinunue mwakani. Kodi. Kodi katamarani kama hiyo mwezi mzima, na uchague mwezi wa saba, kusi ikiwa imepamba moto; usiniambie Desemba bahari ikiwa kama maziwa. Mchukue nahodha wa tanga akufundishe, umlipe, umwite mwalimu hata akiwa na umri wa mwanao. Mkeo apike humo, afue humo, aende chooni usiku, aandike kwenye daftari dogo kila kinachomuudhi. Daftari usilisome mpaka mwezi uishe. Kiwanja chako cha Kisarawe kisiuzwe. Kaka yangu kasema atapanda mananasi kwa sasa, na maji ya Ruvu siku hizi yanafika kule. Mkirudi, njooni hapa wote wawili, nyie mkae huku na daftari likae mezani, alisome yeye.

Kunywa chai hiyo. Na kijiko chukua, kitie mfukoni. Hicho chenye mpini uliopinda ndicho chenye sauti nzuri. Mkaza mjomba wako akihesabu vijiko jioni nitamwambia viko sita, atahesabu tena, halafu atakupigia simu wewe.